Jogoo Niliyemshika Kosele

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Si shangazi yangu, si jirani wa rafiki yangu, ni mimi. Nasema hivyo mapema kwa sababu nawajua watu wa Rangwe: ukianza kuwasimulia jambo, wanakuuliza kwanza ulikuwa umekunywa nini. Sikuwa nimekunywa kitu. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kuswali alfajiri, maji ya udhu hayajanikauka usoni. Cheka basi kama unataka kucheka, ukimaliza tuendelee.

Mimi ni mchongaji, ila usinitafutie vinyago, huvioni. Kazi yangu ni ardhi yenyewe. Napanga mawe mlimani, nafinyanga udongo wa kando ya mto pale pale ulipo, nasuka makonge kuuzunguka mwamba, napiga picha, kisha naondoka. Watu huniuliza nauza nini, na mpaka leo sijapata jibu la kuwatosheleza. Marehemu baba, aliyetoka Mumias akaja kufungua duka la misumari na mabati hapa Rangwe, aliwaambia wateja wake kwamba bintiye ni fundi wa mawe. Hilo angalau walilielewa.

Nina sharti langu moja. Nikijenga kitu, nakibomoa mwenyewe kabla sijaondoka, kama mvua haijanitangulia. Sipendi kuacha kitu nyuma kikinisubiri. Nimeishi hivyo tangu ujana wangu, leo Mbita, kesho Migori, keshokutwa nimelala kwa mtu ambaye hata jina la babake silijui. Miguu yangu haikujua kutulia, na kusema kweli nilijivunia jambo hilo.

Lakini mama alichoka. Magoti yamemwisha, macho yanamchezea, na watoto wake wengine wametangulia mbele ya haki. Nimebaki mimi. Akanijengea chumba nyuma ya duka, akakipaka rangi ya kijani ambayo siipendi, akaniita nikione. "Mwanangu," akasema, "nimezeeka nikikusubiri. Njoo ulale hapa, nikiita usiku uitike. Sitaki kingine." Ni ombi dogo hilo, au sivyo? Nikamwapia kwamba kazi ya Kosele ndiyo ya mwisho ya kulala nje. Nikiimaliza, nakuja kulala kwenye kijani chako.

Kosele nilipewa kilima na Mama Achieng, mjane mmoja anayelima mahindi na mtama pale chini. Juu kwake hakuoti kitu ila mawe. "Chukua yote," aliniambia. "Ukimaliza labda mimi nitapanda viazi." Tulipatana vizuri. Nilikuwa nalala kwake, nakula kwake, na jioni tunabishana kuhusu nani anapika ugali mgumu zaidi.

Sasa, kabla ya hapo nilikuwa Migori, nikizunguka zile kuta za kale za mawe makavu. Hazina saruji wala udongo, jiwe limekalia jiwe tu, na zimesimama tangu enzi za watu ambao hakuna anayewajua majina. Ziliniingia kichwani zikakataa kutoka. Nikataka kujenga wangu mdogo: ukuta wa duara unaofika kifuani, mlango mmoja mwembamba unaotazama mawio ya jua, na ndani pasiwe na chochote. Nilitaka jua liingie kwa mlango lenyewe, likute hakuna mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa sanaa yangu, na usiniulize maana yake.

Akina mama waliokuwa wakipita kwenda sokoni walisimama kutazama. "Nani anahamia hapa?" wakauliza. Nikawajibu kwamba hahamii mtu, ni sanaa tu. Wakacheka wakishikilia mizigo kichwani isianguke. "Yawa! Dala bila mtu!" Dala ni boma la mtu, nyumbani kwake. Nikacheka pamoja nao. Mama Achieng alikuwa kando yangu na hakucheka sana.

"Ukimaliza kupiga picha, bomoa haraka," akaniambia tukishuka. "Mlango ikikaa wazi namna hiyo si mzuri."

Nilidhani anawaza mbuzi. Nikamwahidi nitabomoa siku ile ile.

Siku ya kupiga picha niliswali, nikachukua birika na majani ya chai, nikapanda kilima gizani. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, baridi inapenya mpaka mifupani. Nikaokota mawe matatu yaliyobaki, nikawasha moto nje ya mlango wa duara, nikakaa kusubiri jua. Nilikuwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Furaha kwa sababu ukuta ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichowahi kupanga. Wasiwasi kwa sababu ya kile chumba cha kijani. Je, kama nitashindwa kukaa? Nilikuwa nageuza swali hilo huku na huku niliposikia mtu anapanda kutoka bondeni.

Alikuwa kijana, au tuseme mtu mzima kijana, wa umri wa kuwa mdogo wangu. Amevaa koti la mvua la manjano kama la wavuvi, shoka begani, jogoo mwekundu kwapani. Nilijiambia huyu anawahi soko. Nawe ungejiambia vivyo hivyo, usinidanganye.

"Oyawore, nyar Rangwe," akanisalimu. Habari ya asubuhi, binti wa Rangwe.

Nikaitikia. Sikushangaa kwamba ananijua, maana Mama Achieng alikuwa amenitangaza kijiji kizima. Nikamuuliza anatoka wapi mapema hivyo.

"Remba."

Remba ni kisiwa, kule ndani kabisa ya ziwa. Nikamuuliza amepata boti gani ya usiku. "Boti ilinifikisha katikati," akasema. "Kutoka hapo nilitembea." Kisha akacheka, nami nikacheka, kwa sababu watu wa visiwani wana mzaha wao na sikutaka kuonekana mshamba.

Alikuwa anautazama ukuta wangu. Hakuutazama kama wale wanaouliza nauza nini. Aliupitishia kiganja polepole, akainama kwenye mlango, akapima upana wake kwa mabega yake. Nikafurahi, nakiri. Ni mara ngapi mtu anaitazama kazi yangu hivyo?

"Mimi nimelala kwa watu maisha yangu yote," akasema. "Remba huko tunalala kwa zamu. Mmoja akitoka kwenda ziwani, mwingine anaingia kitanda ikiwa bado na joto yake. Nimechoka kulala kwa watu, nyar Rangwe."

Maneno hayo yalinichoma. Yangeweza kuwa yangu. Nilitaka kumwambia habari za mama na kile chumba, lakini akanikatiza.

"Nisaidie na moto kidogo."

Nikamwambia achukue. Niamini au usiniamini, aliingiza vidole kwenye moto, akatoa kaa jekundu, akaliweka katikati ya kiganja. Nikaruka. "Utaungua wewe!" Akatabasamu. "Mkono ya kuvuta nyavu haiungui." Nikaona kovu refu limemzunguka kidole gumba, kovu la uzi wa kuvulia, nikajiambia labda ni kweli, wavuvi wana ngozi ngumu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

"Sasa nishikie jogoo," akasema.

Nani hukataa kumshikia mtu kuku? Mkono wake mmoja una moto, mwingine una shoka. Nikampokea. Jogoo alikuwa baridi. Sisemi baridi ya asubuhi, nasema baridi ya samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Maji yalimtoka manyoyani yakaniteremkia mpaka kwenye viwiko, yakawa hayaishi. Na alikuwa hai, maana aligeuza kichwa akanitazama kwa jicho moja.

"Twende," akasema yule mtu.

Nikamfuata. Mbona nilimfuata? Nimejiuliza swali hilo kuliko mengine yote. Nadhani ni kwa sababu alisema kama mtu wa nyumbani anavyokwambia twende, bila kugeuka kuona kama unakuja. Akapita mlangoni, mimi nyuma yake na jogoo wake. Akaegemeza shoka ukutani. Akapiga magoti katikati kabisa ya duara, akaliweka lile kaa juu ya udongo mtupu, pasipo na ukuni wala jani, na moto ukashika.

"Wasechopo dala," akasema.

Kidholuo changu ni cha dukani, lakini hicho nakijua. Tumefika nyumbani. Hakusema amefika. Alisema tumefika.

Hapo jogoo akawika mikononi mwangu. Nilisikia kifua chake kikitetemeka kwenye kifua changu. Jua likaingia kwa mlango nyuma yangu, vilevile nilivyokuwa nimelipangia, likamulika mbele yangu. Hakukuwa na mtu. Nikatazama mikono yangu, na mikono ilikuwa imekunjwa kumshika jogoo na haina jogoo. Mikono ya gauni inadondoka maji, na harufu ya ziwa, ile ya omena wabichi, dagaa wa huku kwetu, imenijaa puani. Mlango ulikuwa nyuma yangu. Angepita wapi asinikumbe? Shoka lilikuwepo bado. Chuma chake kimeliwa na kutu, mpini wake mpya, mweupe, haujashikwa. Na ule moto ulikuwa ukiwaka pale pale bila kuni.

Mimi nina mwili, sikimbii ovyo. Siku ile nilikimbia. Birika nililiacha huko huko.

Mama Achieng alikuwa anakama ng'ombe. Nikamwambia yote, nusu nikilia, nusu nikimkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyenitumia mgeni. Hakunikatiza mpaka nilipofika kwenye jogoo.

"Ngoja. Jogoo alibeba nani?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Na ukaingia nyuma yake?"

"Si aliniomba nimshikie!"

Akaacha kukama. Akakaa chini, kwenye majani, na maziwa yakamwagika hakuyaona. "Yawa, nyathina," akasema. Mwanangu. "Skiza. Mwanaume wa hapa akitaka kuhamia boma yake mpya, anatoka kabla ya jua. Anabeba moto, na shoka ya mpini mpya, na jogoo. Lakini haingii peke yake. Lazima aingie na mtoto wake wa kwanza. Huyo mtu hakuwa na mtoto." Akanitazama kwa huruma. "Sasa ako naye."

Nikamuuliza, kwani huyo mtoto wa kwanza si huwa wa kiume? Angalia akili ya mtu aliyeogopa, nilikuwa nabisha kanuni. "Inafaa awe kijana," akasema, "lakini mtu wa ziwa hachagui."

Ndipo akaniambia habari za Oluoch. Alikuwa mdogo wa mume wake, mvuvi wa Remba, mwenye kovu la uzi kwenye kidole gumba. Boti yao ilipinduka, wenzake wakaonekana, yeye ziwa likakataa kumtoa. Desturi ya huku, mtu asipopatikana, huzikwa tunda la yago badala yake, lile tunda refu zito, ili naye awe na kaburi. Wakalizika. Na desturi ni hiyo hiyo kwamba mtu mzima akifa hana nyumba, hujengewa hata kibanda, apate kutolewa kwake kwenda kuzikwa kama watu wengine. Oluoch hakuwa na nyumba. "Mimi nilisema tumjengee," Mama Achieng akasema. "Wazee wakacheka. Wakasema hii ni tunda, tunda itataka nyumba ya nini?"

Basi akaitafuta mwenyewe. Akangoja mpaka akatokea mwanamke mmoja wa Rangwe, asiyejua anachokifanya, akamjengea boma zuri lenye mlango. Nilipatwa na hasira, nakwambia kweli. Nimemzika baba yangu mzazi kwa mikono hii, halafu uzeeni napewa baba mwingine, baba ambaye ningeweza kumbeba mgongoni.

Jua lilipokuwa utosini nilipanda tena kubomoa. Nilijikaza, nikasoma dua nilizozijua, nikashika jiwe la juu kabisa karibu na mlango, nikaliinua. Ndani ya duara mtu akakohoa. Hakukohoa kwa ugonjwa. Alikohoa vile mwenye nyumba anavyokohoa ili mgeni ajue yumo. Nikalirudisha jiwe mahali pake, tena kwa adabu.

Mama Achieng alikuwa amenifuata. "Ameshafika kwake," akasema, na macho yake yamejaa machozi. "Utamfukuza tena arudi kwa maji? Wacha ikae, tafadhali." Nikauacha. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuiacha imesimama. Sijui kama nilimhurumia au nilimwogopa. Nilikuwa na vyote viwili.

Nikarudi Rangwe kwa mama. Nikalala kwenye kijani, na kusema kweli nililala kama mtoto. Kabla ya alfajiri jogoo akawika. Si jogoo wa jirani, huyo namjua, ana sauti mbovu. Huyu aliwika chini ya kitanda changu. Nilipozinduka nilikuwa miguu mitupu, kwenye barabara inayoelekea Kosele, na mwendesha boda ananimulika taa usoni akiniuliza, "Madhe, unaenda wapi?" Mikono yangu ilikuwa imekunjwa kifuani.

Tangu hapo ni hivyo. Nimesomewa na shehe, akasema haoni uchawi. Mama alipoona hivyo akamwita hata jirani yetu Msabato, naye akaniombea mpaka akatoa jasho. Nawashukuru wote wawili. Jogoo bado anawika.

Mwishowe mama akaacha kutafuta dawa. Sasa kila usiku analala kwangu, kitanda kimoja, na anafunga ncha ya leso yake kwenye mkono wake, ncha nyingine kwenye mkono wangu. Fundo analikaza kwa meno. Jogoo akiwika mkono wangu unavuta, mama anaamka, ananivuta nirudi. "Kaa," ananiambia gizani. "Kaa, mwanangu. Na mimi pia nakuita." Mimi niliyekuja hapa ili akiita niitike, ndiye ninayemnyima usingizi. Inaniuma, sina namna nyingine ya kulisema.

Na meno ya mama yanapungua. Jana fundo halikukaza.

Leo alfajiri nimezindukia kilimani Kosele, mbele ya ule mlango. Unauona huu udongo miguuni? Sikuupata dukani. Ukuta umepita mvua zote na hakuna jiwe lililosogea. Ndani pamefagiliwa. Moto ule unawaka, na kando yake kuna kigoda kimoja kikuukuu, na kingine kipya, mti wake bado mbichi. Sikukaa. Nilitaka kukaa, na hilo ndilo linalonitisha kuliko jogoo na maji na kikohozi. Nilikuwa nimechoka kutembea, na kile kigoda kipya kilikuwa changu.

Nilipofika nyumbani jua limeshapanda. Mama ameketi kitandani, leso iko mkononi mwake, ncha yangu inaning'inia.

"Nimekuita," akasema. "Nimekuita mpaka sauti imekauka."

Basi nisikilize, wewe unayetembea mapema. Ukikutana na mtu kabla ya jua, ana moto na shoka, akakuomba umshikie jogoo, usiwe na haraka ya kumsaidia. Mwombe radhi. Muulize anahamia wapi, na mtoto wake yuko wapi. Na kama una mama anayekusubiri, mtajie jina lake kwa sauti, ajue mikono yako ina mwenyewe.

Mama amesema leo usiku hatatumia leso, atatumia kamba ya mbuzi. Nimetoka sokoni sasa hivi. Nimemchagulia iliyo ngumu.